Dawa za maumivu za kujinunulia: wewe yalikukuta yapi? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Naanza na yangu. Mgongo ulinibana, nikawa nameza ibuprofeni ya 400 asubuhi mchana usiku, mara mafua nayo yakaingia nikanunua vidonge vya mafua nikachanganya humohumo. Siku ya tatu tumbo linawaka moto. Nimekaa kitandani na maboksi mawili, moja la bluu moja jekundu, nageuza nyuma kwenye yale maandishi ya kusoma umekunja uso kama unatunga uzi kwenye sindano, kote kumeandikwa ibuprofeni!! Kupiga hesabu nilikuwa nakula mg 1800 kwa siku wakati ya kujinunulia mwisho ni 1200. Haya, zamu yenu.

Goti Bovu: Afadhali yako mkuu. Mi nilichanganya diklofenaki na ibuprofeni kwa akili zangu timamu, nikijua ni dawa mbili tofauti kwahiyo goti litapona haraka. Kumbe ni ukoo mmoja, na aspirini na naproxen wamo. Choo kikawa cheusi tii, kinanata kama lami, nikapuuza siku mbili mpaka nikaanguka bafuni. Damu ilikuwa inavuja tumboni. Daktari alinielewesha kwamba kemikali inayozuiwa ili goti litulie ndo hiyohiyo inayolinda ukuta wa tumbo, sasa ukiizuia mfululizo tumbo linabaki halina ngao. Na nilikuwa nakula kwanza kabla ya kumeza, msijidanganye na hilo.

Mama Pacha: Mimi presha ilikuwa haishuki na dawa namaliza zote. Nikaulizwa unatumia dawa gani nyingine nikajibu hamna, maana hizi za maumivu kichwani mwangu wala sikuzihesabu ni dawa jamani 😂 Kumbe hizi za ukoo wa ibuprofeni zinapandisha presha, halafu ukiwa kwenye enalapril (dawa ya presha) na kidonge cha kukojoza maji kama mimi, figo ndo zinaumia. Nikapimwa figo, nikahamishiwa panadol.

Goti Bovu: @Mama Pacha panadol nayo usizidishe dada, gramu 4 kwa siku basi, ile inakula ini.

Kichwa Maji: Mimi kila kichwa kikigonga nameza, kinatulia, kesho kinarudi. Nikaanza kuweka alama kwenye kalenda, mwezi mmoja nikakuta siku 19. Nikaambiwa ukifika siku 15 kwa mwezi dawa yenyewe inaanza kukuletea kichwa. Kuacha wiki ya kwanza nilitamani kujigonga ukutani, ikapita.

Mjamzito Mwenzenu: Mi kliniki walinikataza kabisa hizi za ukoo wa ibuprofeni, wakasema hasa kuanzia wiki ya 20, mtoto anaweza kuumia figo.

Kifua Chepesi: Wenye pumu mpo? Mi ilikuwa aspirini moja tu, nusu saa haikufika kifua kikabana, inhela napuliza naona kama napuliza hewa tupu. Siku hizi nikiulizwa una aleji na nini naitaja hiyo hata kabla sijataja jina langu.