Mrejesho: Shahada mbili ndani ya miaka mitano

Ndugu zangu, niliwauliza kama inamfaa mwanafunzi wa kigeni aliyeko Washington kuunganisha shahada ya kwanza ya uhusiano wa kimataifa na ya uzamili ya sera za umma kwa miaka mitano badala ya sita. Nimekubaliwa, nami ninaendelea. Mshauri wa masomo alinionyesha kozi mbili za uzamili, takwimu na uchambuzi wa sera, nitakazosoma mwaka wa nne na ambazo zitahesabiwa katika shahada zote mbili. Hilo ni sehemu ya kinachookoa mwaka mmoja. Mliotahadharisha kuhusu ufadhili mlisema kweli: wangu unakoma na shahada ya kwanza, hivyo ada ya mwaka wa tano ninaitafuta mwenyewe. Kibali cha kazi cha miezi 12, ambacho mwenye viza ya F-1 (viza ya mwanafunzi wa kigeni Marekani) huweza kukiomba kwa kila ngazi ya shahada, nitakitumia baada ya uzamili. Kwa kuwa ajira nyingi za serikali kuu ya Marekani hutaka uraia (jambo ambalo vipeperushi vya vyuo hulipitia harakaharaka), ninalenga mashirika ya kimataifa, ambayo nayo huuliza uzoefu kabla ya vyeti, na uzoefu huo bado sina.