Kabla hatujazilaumu ARV, tuijibu Kagera

Mchangiaji aliyetangulia ameweka mezani hoja tatu: kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa VVU ndivyo vinavyosababisha Ukimwi, kwamba Ukimwi ni jina la kisomi la umaskini na utapiamlo, na kwamba wanaokufa huuawa na dawa wanazopewa hospitalini. Si hoja mpya, kwani mwanabiolojia Peter Duesberg wa Berkeley, California, alianza kuvitetea virusi hivyo mwaka 1987, akidai si chanzo cha Ukimwi. Sitazibeza, maana anayeuliza hana kosa.

Nianze na dawa, ambako hoja yake inapwaya zaidi. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. AZT, dawa ya kwanza ya kupambana na virusi hivi, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na ARV za bure hazikuanza kuwafikia watu wetu kwa mapana hadi mwaka 2004. Kwa takriban miaka ishirini, basi, watu wa Bukoba na Muleba walikonda, wakaharisha, wakatokwa na vipele na kuzikwa katika vibanja vyao, wengi mno wakiwa hawajawahi kuiona ARV kwa macho. Waliuawa na dawa gani?

Umaskini nao haulijibu swali hilo. Miongoni mwa walioanza kuanguka kule walikuwamo wafanyabiashara wa mpakani, watu wenye fedha, na ndiyo sababu ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Kwamba njaa humdhoofisha mgonjwa, sikatai hata kidogo. Lakini Juliana hakubisha hodi kwa wenye njaa peke yao.

Afrika Kusini ilikwenda mbali kuliko sisi tunaobishana tu. Mwaka 2000 Rais Thabo Mbeki aliunda jopo lililowakalisha pamoja wanasayansi na wanaokana kuwa VVU husababisha Ukimwi, na serikali yake ikasitasita kuwapa wajawazito nevirapini, mojawapo ya ARV, ingawa majaribio yaliyofanyika Kampala yalikwisha kuonyesha kuwa dozi moja kwa mama na moja kwa mtoto hupunguza maambukizi ya mama kwa mtoto kwa karibu nusu. Ilibidi Mahakama ya Katiba iamuru mwaka 2002. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji wa dawa katika miaka ile uligharimu maisha ya zaidi ya watu 330,000.

Hata hivyo, wanaotia shaka wana sababu, na madaktari wetu hupenda kulikwepa hili. Mwaka 1990 Wakenya walitangaziwa Kemron, iliyodaiwa kuwa dawa ya Ukimwi, kwa vifijo na Rais Moi mwenyewe akiwapo, kisha ikashindwa majaribio ya baadaye. Aliyekwisha kudanganywa na mwenye koti jeupe atamwaminije wa pili?

Jirani yangu, dereva wa lori, alikwenda Samunge mwaka 2011 kunywa kikombe cha Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu aliyedai dawa yake ya mitishamba huponya Ukimwi, kwa shilingi 500. Alirudi amechangamka, akaacha ARV, na kwa miezi kadhaa akatucheka sisi wenye mashaka. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu mwili hauporomoki siku dawa zinapoachwa. Virusi huzaliana kimyakimya huku CD4, chembe za kinga ya mwili, zikipungua, na mtu hujiona mzima hadi magonjwa nyemelezi yanapoingia. Yeye aliingiliwa na kifua kikuu. Alipona, akarudia dozi, na leo bado yuko barabarani na chupa yake ya vidonge aliyoijaza pamba ili isipige kelele abiria akapata la kuuliza. Kipimo chake cha wingi wa virusi hakioni kitu.

Ikiwa dawa hizo ni sumu, mchangiaji atueleze huyu anaishije. Na ikiwa si virusi, atueleze ni nini kilichowazika watu wa Kagera. Naomba aanze na Kagera.