Makaroni ya kuoka: juu makavu, chini maji

Sahani_Sita, Nakuru:
Hamjambo wapishi. Nina pakiti ya makaroni ya gramu 400, nusu kilo ya nyama ya kusaga, chizi gramu 200 na oveni ya gesi. Ni chakula cha jioni cha watu sita. Nikioka, juu panakauka kama ganda na chini kunabaki maji ya nyanya. Nakosea wapi?

Mwiko_wa_Kisumu:
Maji hayo ni ya nyanya na nyama, hayatoki kwenye oveni. Kaanga nyama bila mafuta mpaka maji yake yaishe, tia kitunguu, saumu, kisha nyanya tano zilizokatwakatwa. Usizime moto mapema. Buruta mwiko kwenye kitako cha sufuria: njia ikijifunga papo hapo, bado, ikikaa wazi kidogo, tayari. Hoho na karoti zikaangwe humo humo, kwa sababu zikiingia mbichi zitatoa maji ndani ya trei.

Ukavu wa juu ni uhaba wa sosi nyeupe. Yeyusha vijiko vinne vikubwa vya siagi, koroga na vijiko vinne vikubwa vya unga wa ngano kwa dakika mbili bila kugeuza rangi. Mimina maziwa kidogo kidogo, mililita 750 (pakiti moja na nusu), ukikoroga bila kupumzika. Ukimwaga yote mara moja utapata madonge. Ikishaanza kuwa nzito, epua kwanza, ndipo utie chizi gramu 150. Chizi kwenye moto mkali hukatika, mafuta yakajitenga na sosi ikawa chengachenga. Sosi ionekane nyepesi kupita kiasi, maana makaroni yataifyonza.

Chemsha makaroni, yatoe dakika tatu kabla ya muda wa pakiti, changanya vyote, chizi iliyobaki juu. Digrii 180, dakika 20 chini ya foili, 10 bila foili. Yaache yatulie dakika 10 kabla ya kupakua, la sivyo yatamwagika sahanini.

Rafu_ya_Kati:
Nakubaliana na yote isipokuwa hizo dakika tatu. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye digrii 94 hivi, kwa hiyo muda wa pakiti wenyewe ni mfupi huku. Chemsha muda wote ulioandikwa, kisha ng'ata moja: kidoa cheupe katikati ndicho unachotaka. Na oveni ya gesi yenye moto wa chini, trei isikae kwenye sakafu yake.

Makaa_Kakamega:
Asiye na oveni atumie sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, aipashe moto dakika 15, aingize sufuria ndogo, afunike na kuweka makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yazidi ya chini, kwani kila kitu kimeshaiva. Unatafuta rangi tu. Futa mvuke chini ya kifuniko, matone yakianguka chizi haitashika rangi.

Sahani_Sita, Nakuru:
Asanteni sana. Naweza kupanga trei asubuhi nikaoka jioni?

Mwiko_wa_Kisumu:
Ndiyo, ila ongeza nusu kikombe cha maziwa kwenye sosi na uweke trei frijini ikishapoa. Ikitoka huko baridi, ongeza dakika 15 za foili.