Mjadala: Ngassa angesaini El Merreikh ya Sudan Desemba 2012, angefika wapi?

Mleta mada:

Wakuu, heshima kwenu. Kila Taifa Stars inapomaliza dakika tisini bila winga hata mmoja kumpita beki, lazima atokee mtu wa kulitaja jina la Mrisho Ngassa, winga wetu wa zamani, na hujamaliza kumsoma ameshafika kwenye "yule alikuwa wa Ulaya, tulimharibu wenyewe". Nimechoka kuusoma ubishi huu vipande vipande. Tuuweke mezani wote, kwa tarehe na kwa hoja. Wa Jangwani (Yanga) na wa Msimbazi (Simba) mnakaribishwa, matusi ndiyo yabaki nje.

Kwa wadogo zetu mliomkuta mwishoni: Ngassa, au Anko kama tunavyomwita, alizaliwa Mwanza mwaka 1989, mtoto wa Khalfan Ngassa, ambaye naye alicheza mpira wa kueleweka. Alipita Kagera Sugar, akaja Yanga, halafu Azam wakamnunua mwaka 2010 kwa shilingi milioni 58, dau lililokuwa rekodi kwa usajili wa ndani. Februari 2009, kwenye CHAN ya kwanza kabisa, michuano ya Afrika ya wanaocheza ligi za ndani, alifunga bao pekee lililowalaza wenyeji Ivory Coast palepale Abidjan. (Zambia wakatusawazishia dakika za majeruhi kwenye mechi ya mwisho ya kundi tukarudi nyumbani. Naomba tusilifungue hilo leo, tutalia.) Alikuwa mwepesi, anautanguliza mpira upande mmoja wa beki na yeye anapita upande wa pili, na mbio zake zilikuwa za mita kumi za kwanza, zile ambazo beki akishaachwa ndiyo basi.

Sasa tukisema "angekuwa", tuwe wakali kidogo. Mimi sihesabu ndoto. Mlango nauhesabu pale ambapo nafasi ilikuwapo kweli na mtu alikuwa tayari kutoa fedha. Kwa kipimo hicho, London inaondoka mara moja. Aprili 2009 alikwenda West Ham, klabu ya London, kufanya majaribio, Zola akiwa kocha, na nchi nzima ikaanza kuhesabu siku. Lakini kanuni ya kibali cha kazi Uingereza wakati huo ilimtaka mchezaji wa nje ya Ulaya awe amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za taifa lake kwa miaka miwili, na taifa lenyewe liwe ndani ya 70 bora za FIFA. Sisi tulikuwa tunazunguka huko karibu na nafasi ya 100. Angewapiga chenga West Ham nzima mazoezini, karatasi zingemrudisha Dar.

Seattle, Marekani, ndiyo inayoniuma. Aprili 2011 winga wa Seattle Sounders, Steve Zakuani, mzaliwa wa Kinshasa, alivunjwa mguu kwenye mechi na Colorado. Julai Ngassa yupo pale kwa majaribio, akapewa dakika kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United mbele ya watu zaidi ya 67,000. Walipigwa 7-0, kweli, lakini nafasi ya winga ilikuwa wazi. Walioijaza ni wengine. Dirisha hilohilo walimleta Christian Sivebæk kutoka Denmark. Ukumbuke timu ya MLS, ligi kuu ya Marekani, ilikuwa na nafasi nane tu za wageni, na hakuna anayetumia moja kwa kijana aliyemwona wiki chache, tena mwenye mkataba na klabu nyingine. Nafasi ilikuwapo, fedha hazikuwekwa. Siihesabu, ingawa mkono unatetemeka.

Inabaki Omdurman, Sudan. Desemba 2012 Azam walikubaliana na El Merreikh ya huko kuwauzia Ngassa, dola 75,000 zikatajwa, na mchezaji hakusaini. Mlango wa kweli ni huo peke yake. Angeingia, angezikuta timu na fedha. Golini alikuwapo Essam El-Hadary, yule kipa wa Misri. Mwaka 2013 Merreikh walichukua ubingwa wa Sudan, 2014 wakabeba Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, kule Kigali, 2015 wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Na waliowatoa ni nani? TP Mazembe ya Kongo, Mbwana Samatta wetu akifunga mawili Lubumbashi baada ya Merreikh kushinda 2-1 kwao. Hebu fikirieni hiyo mechi, Mtanzania pembeni upande huu na Mtanzania kati upande ule, Oktoba 2015, Ngassa akiwa na miaka 26.

Msimamo wangu ni kwamba hakukataa kwa ujinga, wala kwa uvivu. Alikataa kwa sababu soko la Kariakoo, la Simba na Yanga, lilikuwa limemfundisha kwamba kubaki kunalipa. Mkimlaumu yeye peke yake mnakosea. Karibuni.

Mdau, Nairobi:

Kaka, kwenye London nakuunga mkono na nakuongezea ushahidi. Januari 2010 McDonald Mariga wetu alikuwa anaanza Parma, Serie A, kila wiki. Manchester City wakakubaliana na Parma. Kibali kikakwama, sababu Kenya ilikuwa chini kwenye orodha ileile ya FIFA. Inter wakamchukua, na Mei mwaka huohuo akawa kwenye kikosi kilichobeba Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kama mtu wa Serie A alikwama, mtu wa Ligi Kuu Bara angepitia wapi? Ila utaona Mariga hakuanza kwa kuigonga Uingereza. Alianzia Sweden. Hapo ndipo ndugu zetu mlikosea ramani.

Mdau, Chamazi:

Mimi ni wa Azam. Mleta mada, umeandika vizuri ila mwishoni umemfunika mtu blanketi. Azam walimlipia fedha ambayo hakuna klabu ya hapa ilikuwa imewahi kuitoa, wakampa mazingira, akawa mfungaji bora wa ligi 2010/11. Wakamruhusu aende Seattle. Julai 2012, nusu fainali ya Kagame dhidi ya AS Vita, anafunga bao la ushindi, kisha anaibusu jezi ya Yanga. Akiwa na jezi yetu! Na fainali tunacheza na Yanga haohao. Tukampeleka Simba kwa mkopo. Halafu klabu inamtafutia timu ya nje, anasema hataki. Baada ya hapo anarudi Yanga, kumbe Simba nako kuna fedha keshachukua, kamati ya TFF inamfungia mechi sita na kumtaka azirudishe. Hayo yote ni Kariakoo ilimtuma? Mtu mzima huyo, miaka 23.

Mdau, Mwanza:

Mimi nawashangaa wote. Tangu lini kubaki kukawa kufeli? Mechi 100 Stars, mabao 25. Mabao matano peke yake siku tuliyoifunga Somalia 7-0 kwenye Kombe la Challenge la 2012 Kampala. Akiwa Yanga, dhidi ya Komorozine wa Comoro mwaka 2014, hat-trick nyumbani, hat-trick ugenini. Al Ahly wa Misri walikuja Dar wakafungwa moja na Yanga, kule kwao wakatutoa kwa penalti, na kikosi kile kilikuwa na huyu mnayemwandikia tanzia. Mngempeleka Sudan, haya yote yangekuwapo? Watoto wa Kirumba walimwona mtu wa kwao anawatesa mabeki kila wiki. Hilo mnalipimaje kwa dola?

Mdau, Muscat:

Nipo huku Oman, nilimwona alipokuja Fanja mwaka 2016 baada ya kuachana na Free State Stars ya Afrika Kusini. Mchezaji bado alikuwamo ndani yake. Hoja yangu ni tofauti: mnaipandisha Sudan bei. Nitajieni winga mmoja aliyepita Omdurman akaenda Ubelgiji au Ufaransa. Mazembe ilikuwa na njia, Genk ya Ubelgiji walimjua Samatta kwa sababu Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa Afrika na yeye akawa mchezaji bora wa wanaocheza ndani ya bara. Merreikh walikuwa na fedha tu, na klabu zinazoishi kwa mfuko wa tajiri mmoja mnazijua, tajiri akikasirika mishahara nayo inakasirika. Pengine alikataa kilichokuwa cha kukataliwa.

Mleta mada:

Nianze na wa Muscat kwa sababu ndiye aliyenibana. Ni kweli, Omdurman haikuwa daraja la Ulaya, na nikisema Ngassa wa Merreikh angeishia Genk nitakuwa natunga hadithi. Sisemi hivyo. Nasema angefika miaka 26 akiwa amecheza misimu mitatu ya mechi za Afrika zenye uzito, badala ya kufika umri huo akiwa ndiyo kwanza anafungasha kwenda Free State Stars. Alichokuwa ananyimwa ni muda. Alipotoka hatimaye mwaka 2015 mguu wa mita kumi za kwanza ulikuwa umeshaanza kuchoka, na winga wa aina yake akipoteza hizo mita hana pa kujificha. Kiungo anaweza kuzeeka kwa akili. Yeye silaha yake ilikuwa moja.

Na kielelezo tunacho, wala hatuhitaji kubuni. Simon Msuva. Ni winga vilevile, Yanga ileile, walicheza pamoja misimu miwili, mmoja kulia mwingine kushoto. Msuva alikwenda Difaa El Jadida ya Morocco mwaka 2017 akiwa na miaka 23. Ngassa alipokataa Merreikh alikuwa na miaka mingapi? 23. Msuva wa Difaa akatazamwa Ligi ya Mabingwa Afrika, akachukuliwa na Wydad, akabeba ubingwa wa Morocco, akaenda Saudi Arabia, akaifungia Stars AFCON ya Misri 2019 na ile ya Ivory Coast. Hakucheza Ulaya! Na mambo hayakuwa mteremko, mgogoro wake wa malipo na Wydad ulifika FIFA. Bado, wapo watu wanaosema maisha yake ya soka yaliharibika? Hayo ndiyo ninayoyaita maisha ambayo Ngassa aliyakosa. Kwa kipaji, nani kati yenu atasimama aseme Msuva alimzidi Anko? Mimi siwezi, na Msuva namheshimu sana.

Wa Mwanza, mabao yapo, hakuna anayeyafuta. Lakini angalia ulichokifanya: umeorodhesha mechi za Stars na za klabu kana kwamba ukienda nje unavua uraia. Yale ya Stars angeyafunga tu. Ya Komorozine ndiyo angeyakosa, na kusema kweli Komorozine...

Wa Chamazi, sijamfunika mtu. Busu la jezi lilikuwa kosa na mechi sita alizitumikia. Ila tazama mnyororo wako mwenyewe. Klabu tatu kubwa za nchi, ndani ya mwaka mmoja na ushee, zinamgombania mtu mmoja. Mmoja anamiliki mkataba, mwingine anamchezesha kwa mkopo na kumpa fedha za mbele, wa tatu anamsubiri kwa mabango. Kijana akibaki anapokea dau la usajili mkononi leo, jina lake lipo kila gazeti, mtaa mzima unamwita. Akienda Omdurman ni mshahara mwisho wa mwezi na lugha asiyoijua. Ukiwa huna wakala anayekuchorea miaka mitano mbele, Sudan inaonekana adhabu. Isitoshe, ofa yenyewe ilimfikia kupitia klabu iliyokuwa imekwisha kumchoka. Ungeiamini?

Mdau, Chamazi:

Ningeisoma kwanza.

Mdau, Nairobi:

Mimi bado nipo kwenye ramani. Mwaka uleule wa 2009 kiungo wenu Henry Joseph alitoka Simba akaenda Kongsvinger, Norway, daraja la pili. Hakuna aliyepiga ngoma uwanja wa ndege. Mwaka uliofuata Kongsvinger wakawa Ligi Kuu ya Norway na yeye yumo. Nizar Khalfan alijipitisha Vancouver, na timu ilipoingia MLS mwaka 2011 akaingia nayo. Vipaji vya kawaida ukivilinganisha na vya Ngassa, samahani kwa wenyewe. Ngassa alipelekwa West Ham na Seattle kwa sababu yalikuwa majina ya kuandikwa ukurasa wa mbele. Kuna mtu alimpeleka Norway?

Mleta mada:

Hilo sikuwa nimeliweka, na linauma kuliko Seattle. Norway hakukuwa na kipimo cha 70 bora. Mwaka 2009, miaka 20, mbio zote miguuni, na baridi ingemsumbua msimu mmoja. Ila tunarudi kwenye kipimo changu: nani aliweka fedha? Kwa Henry Joseph waliweka. Kwa Anko, klabu gani ya Dar ingemwachia nyota wake aende daraja la pili la Skandinavia kwa hela ya madafu, wakati Azam walikuwa tayari kutoa milioni 58 mwaka mmoja baadaye? Yanga wangeifikishaje habari hiyo kwa wanachama?

Mdau, Muscat:

Kwa hiyo ili Ngassa wako aende Norway, lazima kwanza Azam isianzishwe.

Mleta mada:

Au Yanga wapate kiongozi anayeweza kuwaambia wanachama "tumemwachia, asilimia ya mauzo yajayo ni yetu" na atoke ukumbini salama. Kati ya hayo mawili, hata mimi naona Azam kutoanzishwa ni rahisi zaidi.