Mdogo wangu ameambiwa ana tatizo la haiba: naomba ushauri

Bint Langoni, Lamu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mdogo wangu ana miaka 23, nasi twaishi pamoja na mama yetu hapa Langoni. Tangu alipokuwa kidato cha tatu mapenzi yake kwa watu hayana kati: leo rafiki ni malaika, kesho, kwa kuchelewa tu kumjibu simu, huwa adui asiyetajwa nyumbani. Wiki iliyopita boti ilichelewa kuondoka Mokowe, na nilipofika gatini nikakuta jumbe zake 19: za kwanza zauliza niko wapi, za katikati zanilaani, na ya mwisho yaniomba radhi nisimwache. Huvaa mikono mirefu hata ndani ya nyumba katika joto la kaskazi, nasi twajua anachokificha. Amesomewa, amenyweshwa kombe, na majirani wamekwisha kusema ana jini. Mwezi uliopita daktari mmoja alizungumza naye kwa muda usiofika robo saa, akasema ni tatizo la haiba la mpakani (kwa Kiingereza, borderline personality disorder), akamwandikia vidonge vya usingizi, akatuaga. Je, maradhi haya hupimwaje, na yana tiba?

Muuguzi Malindi

Wa alaykum salaam, dada, na poleni sana. Sikubaliani na uchunguzi wa robo saa. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha tatizo hili. Hutambuliwa kwa mazungumzo marefu, mara nyingi ya zaidi ya kikao kimoja, pamoja na maelezo ya jamaa waliomjua tangu utotoni, kwa sababu kinachotafutwa ni mwenendo wa miaka, wala si hasira za mwezi mmoja. Mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, DSM-5, wa mwaka 2013, unataja dalili 9, na mtu huhitaji kuwa nazo angalau 5. Ule wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika 2022, huuliza kwanza tatizo ni kali kiasi gani, kisha sifa zipi zimetawala. Damu hupimwa ili kuondoa sababu nyingine, kama tezi ya shingo.

Muulizeni daktari pia kuhusu bipola, maradhi ya moyo kupanda na kushuka kwa vipindi, kwani watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Katika bipola, hali ya kupanda hudumu siku nyingi mfululizo, na mgonjwa hulala kidogo bila kuchoka. Kwa mwenye tatizo hili moyo hugeuka ndani ya saa chache, na mara nyingi kuna mtu au neno lililougeuza, kama ile boti yako.

Tiba ipo, na msingi wake ni mazungumzo yaliyopangwa, kila wiki, kwa miezi mingi. Mojawapo ni DBT, inayomfundisha mtu kustahimili dhiki bila kujiumiza na kudai haki yake bila kuvunja undugu. Aliyeibuni ni Marsha Linehan wa Marekani. Jaribio lake lilichapishwa 1991, na mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa akiwa msichana kwa sababu ya kujidhuru. Hakuna dawa iliyothibitishwa kutibu tatizo lenyewe, ingawa sonona au wasiwasi unaoambatana nalo hutibiwa kwa dawa. Vidonge vya usingizi vinanitia hofu: huzoesha mwili, na huweza kumtoa mtu kizuizi wakati wa ghadhabu. Msivikatishe ghafla bila daktari, ila mama avifungie. Ombeni rufaa kwa daktari bingwa wa akili; Port Reitz, Mombasa, kuna kitengo. Akisema anataka kufa, mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Mama wa Shela

Mwanangu, nami nina kijana mwenye hali hii. Kisomo msikiache kikimtuliza, lakini msimwambie kuwa dalili zake ni upungufu wa imani, kwani neno hilo lilimfunga wangu mdomo mwaka mzima. Akikulaani, usishindane naye wala usimbembeleze kwa ahadi usizoweza kuzitimiza. Mwambie, "Naona umeogopa kwamba sitarudi, nitafika baada ya magharibi," kisha ufike kweli. Mimi nilichukua muda mrefu kujifunza sehemu hiyo ya pili.

Mwana wa Amu

Jamaa wengi huchelewa kwenda hospitali kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Msiache kumpeleka kwa sababu hiyo.

Bint Langoni, Lamu

Allah awalipe kheri. Mama ameshavifungia vidonge ndani ya kasha lake, na ufunguo uko shingoni mwake. Nimemsomea mdogo wangu majibu haya yote. Alinyamaza, kisha akauliza jambo moja tu: huyo daktari wa Mombasa atakubali kumsikiliza bila mama na mimi kuwemo chumbani?

Muuguzi Malindi

Atakubali. Yeye ni mtu mzima, na ana haki ya kuzungumza peke yake. Mwambie aombe hivyo mapema, anapoandikishwa, nanyi mtaitwa baadaye kwa idhini yake.