Mafundi waliotuuzia "seva zinazotafutana zenyewe" hapa Mombasa wametudhulumu

Wadau, nimechoka na leo nasema. Ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini iko Moi Avenue, godauni liko Shimanzi. Tulilipia mfumo tukaambiwa seva mbili zitajuana zenyewe, kila moja itatangaza huduma zake, hakuna haja ya kuandika anwani popote. Siku ya majaribio wakaziweka zote meza moja, swichi moja ya mtandao. Zikaonana papo hapo, hundi ikatiwa saini.

Sasa sikilizeni. Kinachotumika pale ni mDNS, njia ya vifaa kujitangaza kwa majirani zao wa mtandao. Seva inatuma tangazo kwa anwani ya pamoja, 224.0.0.251, poti 5353, na kila aliye kwenye mtandao ule ule analisikia. Mtandao ule ule! Ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine, haipitishi matangazo ya anwani zinazoanza na 224.0.0, ndivyo yalivyopangwa, na RFC 6762, waraka wa kanuni zake wa mwaka 2013, haikuficha hilo. Kati ya ofisi na godauni kuna ruta. Tangazo la Shimanzi linafia Shimanzi. Fundi anayeuza kitu hiki ama hajui, ama anajua akanyamaza, na yote mawili hayasameheki. Hata NetWare, mfumo wa seva wa zamani, seva ilitangaza huduma zake kila sekunde 60 na ruta ndizo zilizobeba orodha kupeleka upande wa pili!

Walipoona haziongei, wakaandika kimyakimya IP, yaani anwani ya mtandao, ya seva ya godauni ndani ya faili la seva ya ofisi. Na hiyo IP hawakuifunga, inagawiwa na DHCP, inayotoa anwani kwa muda tu. Juzi umeme ukapotea Shimanzi, uliporudi seva ikaamka na anwani nyingine. Ofisi inaendelea kuita 192.168.20.14, ambayo sasa ni ya printa. Hati za kutolea mizigo hazitoki, madereva wamejaa getini, storeji inahesabiwa, na mwenye kontena ananitukana mimi kwa simu.

Nikawapigia. Eti "kebo ya baharini ina shida." Jamani! SEACOM na TEAMS zilitua hapa 2009 kutuunganisha na nje. Sisi Moi Avenue na Shimanzi tunaunganishwa na redio zetu wenyewe juu ya paa. Bahari imeingiaje hapo?

Dawa ipo zamani. Rekodi za SRV za DNS, kitabu cha majina cha mtandao, zina RFC yake, 2782 ya mwaka 2000: unauliza jina la huduma, DNS inakujibu iko seva gani, poti gani, na zikiwa mbili uanze na ipi. Maswali ya DNS yanavuka ruta bila matata. Seva ikipata IP mpya, inasajiliwa upya kwa jina lile lile, kazi inaendelea.

Nataka warudi, waitoe ile anwani kwenye faili, waweke DNS ya ndani, kisha waizime seva ya Shimanzi na kuiwasha mbele yangu, ikiwa huko huko Shimanzi. Wakishindwa warudishe hela yetu. Na kama kuna mwenzangu hapa Mombasa aliyeuziwa mfumo kwa majaribio ya meza moja, aandike hapa chini tuwafuate pamoja.