Mipaka ya nyuki

*Kikundi: Ukoo wa Babu (Mariashoni, Elburgon, Njoro)*

Chebet: Hamjambo nyote. Jumamosi nakuja Mariashoni na kinasa sauti. Naomba Babu anieleze mipaka ya konoito yetu, yaani ardhi ya ukoo wetu msituni, kuanzia bondeni hadi juu. Ndiyo sura ya tasnifu yangu ya chuo ninayoandika sasa.

Mjomba Kiprono: Karibu. Lakini watafiti wamekuja miaka yote, wakaandika, wakaenda zao. Safari hii tutapata nini?

Chebet: Una haki kuuliza, Mjomba. Nimesoma ripoti ya 1934 ya Tume ya Carter, tume ya ardhi ya serikali ya kikoloni. Sisi Waogiek walituita Wadorobo, wakapendekeza tuhamishiwe kwenye maeneo ya makabila mengine, kana kwamba msitu wa Mau hauna wenyewe. Nataka maneno ya Babu yajibu ripoti hiyo.

Shangazi Rael: Wao walitafuta uzio na shamba ndipo waseme hapa pana mtu.

Kibet: Niko na Babu, nimemsomea. Anasema kila ukoo ulikuwa na ukanda wake unaopanda mlima, maana maua hayachanui pote kwa wakati mmoja. Ya chini yakiisha, nyuki wako juu, nasi tunawafuata huko, mizinga yetu ya mti wa mutarakwa ikiwa tayari imetundikwa. Ukirina mzinga wa ukoo mwingine, unaitwa mbele ya wazee. Anauliza: asiye na ardhi angeshtakiwaje kwa kuvuka mpaka?

Shangazi Rael: Hapo Babu amemaliza kila kitu!

Kibet: Ameongeza, miti ya asili ilikatwa ikapandwa saipresi na paina. Nyuki hapati chakula humo.

Mjomba Kiprono: Arusha, tarehe 26 Mei 2017, mahakama ya Afrika ilikataa hoja kwamba tulifukuzwa ili msitu uhifadhiwe. Mwaka 2022 ikaagiza tulipwe fidia na tupewe hati ya pamoja ya ardhi. Hati hiyo sijaishika mkononi. Chebet, andika, lakini andika sawasawa.

Shangazi Rael: Na mahali mizinga ilipo pasiwekwe kwenye ramani yoyote. Miti ya dawa pia. Sauti ya Babu tuipate sisi kwanza, kabla ya chuo.

Chebet: Nakubali yote, Shangazi. Nitawasomea sura nzima kabla sijaikabidhi.

Mjomba Kiprono: Basi nitampandisha Babu mpaka juu kwa pikipiki. Asihojiwe akiwa kwenye kiti nyumbani, akiuona mti atakumbuka mengi.

Kibet: Babu anasema mfike asubuhi na mapema, mchana mvua. Tena mzee wa ukoo jirani aitwe, mpaka una pande mbili.

Chebet: Nitampigia leo jioni.